Shangazi, waliniuliza faida ya chupa moja nikakwama

Shangazi, shikamoo.

Natengeneza sosi ya pilipili. Nilianza jikoni kwangu miaka minne iliyopita, sufuria moja na mashine ya kusagia ya kuazima. Leo nina chumba maalumu cha kazi, wasaidizi wawili, na mdogo wangu wa kiume ndiye anayesambaza. Nina ladha sita. Nyekundu ya kawaida ndiyo inayotoka kuliko zote. Nyingine ni ile kali zaidi, ya tangawizi, ya limau, ya embe, na moja ya vitunguu saumu vibichi na pilipili ndani ya mafuta, ambayo wateja wanaisifia sana ingawa naiuza chache.

Kuna programu ya ulezi wa biashara za chakula zinazokua. Ukichaguliwa wanakupa mtu mzoefu wa kukushika mkono kwa miezi sita. Mara ya kwanza niliomba hawakunijibu. Mara ya pili nikaitwa kwenye usaili wa video. Walikuwa watatu. Nikawaeleza nilivyoanza, nilivyokuwa nakesha nikisaga huku mwanangu anakohoa chumba cha pili kwa ule ukali, nao wakanisikiliza vizuri. Kisha mama mmoja mwenye miwani akauliza, "Faida yako kwa chupa moja ni asilimia ngapi?" Nikasema inategemea. "Inategemea nini?" Nikasema bei ya pilipili. Akaandika kitu kwenye karatasi, hakuniuliza tena. Wiki mbili baadaye nikapata barua pepe ya kunishukuru kwa kuomba.

Si kwamba sina faida. Nahesabu pilipili, siki na chupa, kinachobaki ndicho chetu. Bei niliipata kwa kuangalia sosi nyingine rafuni, nikashusha kidogo.

Sasa fomu zimefunguliwa tena, zinafungwa baada ya wiki tatu. Wanataka mauzo ya miezi 24, changamoto kubwa kwa maneno yasiyozidi 200, unatarajia nini kwa mlezi wako, una mfumo gani wa usalama wa chakula, kosa moja ulilofanya na ulivyolirekebisha, na video ya dakika mbili. Kwenye changamoto, mara zote mbili niliandika: "Changamoto yangu kubwa ni ukosefu wa mtaji. Nikipata mtaji nitapanua biashara, nitaajiri vijana na kina mama na kuinua jamii yangu."

Nauza kama chupa 400 kwa mwezi kwenye maduka matano. Wanachukua mali kauli na kunilipa baada ya siku 60. Mwezi uliopita duka moja likataka chupa 1,000 kwa mkupuo, nikasema siwezi. Niliona aibu.

Mume wangu anasema tumlipe jamaa mmoja anayeandika hizi fomu. Jamaa mwenyewe anasema kila mtu anaongeza mauzo kidogo, bila hivyo hupiti. Rafiki yangu naye anasema niache kabisa, mlezi ataiba mapishi yangu. Shangazi, nimechoka kukataliwa. Nifanyeje?

Mama Pilipili

Marahaba, mwanangu.

Fomu ingoje kwanza. Ile ya vitunguu saumu ndani ya mafuta, iondoe madukani. Kesho, si wiki ijayo. Kitunguu saumu kina asidi kidogo mno, na kinatoka udongoni, ambako ndiko zinakoishi mbegu za bakteria anayeitwa Clostridium botulinum. Mbegu hizo hazifi kwa maji yanayochemka. Ukizitumbukiza kwenye mafuta unazifungia hewa isiingie, na bakteria huyu anapenda hasa pasipo na hewa. Sumu yake haibadilishi harufu wala ladha. Mwaka 1985 huko Vancouver, Kanada, watu waliugua kwa sababu ya vitunguu saumu vilivyohifadhiwa hivyohivyo kwenye mafuta, na walivila mahali pa heshima tu, mgahawani. Wateja wako kukusifia hakusemi lolote kuhusu chupa ijayo.

Hizo nyingine zenye siki huenda ziko salama, ila "huenda" haiandikwi kwenye lebo. Mpaka unaotumika kwa vyakula vya aina hii ni pH 4.6 (pH ni kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unazidi): chini ya hapo mbegu zile haziwezi kuota na kutoa sumu. Watengenezaji makini hawachezi karibu na mpaka, wanashuka zaidi, mpaka 4.2 au chini yake. Nunua kipima pH cha dijitali, si vile vikaratasi vya rangi, maana sosi yako nyekundu itavipaka rangi yake usione kitu. Kabla ya kupima, kirekebishe kwa vimiminika vyake viwili, cha 4 na cha 7. Chukua sosi iliyokwisha kupoa, isage iwe laini kabisa, pima, andika namba na tarehe. Kila mpiko. Embe liangalie kwa jicho la pekee, kwa sababu embe bivu na embe changa hazilingani kabisa kwa uchachu, na wewe unapika kwa mapishi yaleyale.

Hukuniambia tarehe ya mwisho wa matumizi uliitoa wapi. Nakisia uliitoa palepale ulipotoa bei, rafuni. Kama nimekukosea nisamehe.

Haya, sasa tumrudie yule mama wa miwani. Hakuwa mkali. Alikuuliza swali jepesi kuliko yote aliyokuwa nayo, na jibu lako lilimwambia kwamba mtu atakayepewa kukulea atatumia miezi yake miwili ya kwanza kukufundisha kuhesabu. Nafasi ni chache, wapo waombaji waliokwisha kuhesabu. Basi.

Tukae tuihesabu chupa moja. Tuseme duka linakulipa 100, sitaji fedha ya nchi yoyote. Hizi namba ni za mfano tu, zako utazitoa kwenye risiti zako. Chupa, kifuniko, lebo na boksi: 28. Usishangae, kwa sosi chombo mara nyingi kinakula kuliko kilichomo. Pilipili, siki, chumvi na vingine: 24. Gesi, umeme na maji ya kuoshea: 6. Wasaidizi wako wawili: 12. Usafiri: 9. Zilizovunjika, zilizovuja, na zile ulizotoa za kuonjesha: 4. Jumla 83. Imebaki 17. Sasa duka linakukata kidogo kwa ajili ya rafu au matangazo ya mwisho wa mwezi, tuseme 10. Umebaki na 7, na hapo hujajilipa wewe, wala sijaona mdogo wako analipwa nini zaidi ya mafuta ya chombo na shukrani. Wewe ulikuwa unahesabu pilipili, siki na chupa, yaani kwenye mfano wangu kama 52, ukaamini imebaki 48.

Inawezekana chupa yako ni nzuri kuliko hii ya mfano. Inawezekana pia ladha mbili kati ya sita zinakula faida ya nyekundu kimyakimya. Hesabu kila ladha peke yake. Nikikutazama kwa mbali naona mtu anayepika ladha sita kwa sababu anapenda kupika, na hilo si kosa, ila fomu iandike kwa ile inayouzika.

Jambo dogo la kukuepusha na aibu nyingine: ukitumia 60 ukauza 100, faida ghafi ni asilimia 40 ya bei. Wafanyabiashara wengi wanaipima juu ya gharama, 40 juu ya 60, wanasema asilimia 67. Wote wanasema kweli. Msaili kwa kawaida anataka ya kwanza, kwa hiyo ukitaja asilimia, taja ni ya nini.

Ukosefu wa mtaji. Mwanangu, sentensi hiyo imo kwenye karibu kila fomu, na tatizo lake si kwamba ni uongo. Programu uliyoieleza inatoa mtu, haitoi fedha. Ukimwambia mtu huyo kwamba shida yako ni fedha tu, umemwambia kwa adabu kwamba humhitaji. Na hao vijana na kina mama utakaowaajiri siku moja wanapendeza, ila wamekula nusu ya maneno yako 200 bila kusema ni wangapi, lini, wala watafanya nini.

Shida yako halisi umeiandika kwenye barua yako pasipo kujua, pale uliposema uliona aibu. Unalipia pilipili na chupa taslimu. Vitu vinakaa stoo, vinapikwa, vinasubiri kupelekwa, tuseme siku 30. Duka linakulipa baada ya siku 60. Kwa hiyo fedha uliyotoa leo inarudi baada ya siku 90. Ukiuza chupa 400 kwa mwezi, wakati wowote gharama ya chupa karibu 1,200 iko nje, kwenye stoo yako na rafu za watu. Ukipanda hadi 800 kwa masharti yaleyale, itakuwa 2,400. Unaona ilivyo? Kadiri unavyouza zaidi ndivyo unavyoishiwa, hata kama kila chupa ina faida. Ile oda ya 1,000 kwa mkupuo ingekuacha huna hata ya kununulia pilipili za maduka mengine manne. Ulipoikataa hukufanya ujinga, ulilihisi jambo ambalo hukuwa na namba za kulieleza. Mimi namjua mtu aliyeipokea ya kwake kwa shangwe, na aliuza mashine zake ndani ya mwaka.

Kwa hiyo ningeandika hivi, nawe usininakili, maana namba zako zitakuwa tofauti na sauti yako pia:

"Nauza chupa 400 za sosi ya pilipili kwa mwezi kwenye maduka matano. Nanunua malighafi taslimu, maduka yanalipa baada ya siku 60, hivyo fedha yangu inakaa nje kama siku 90. Mwezi uliopita nilikataa oda ya chupa 1,000 kwa sababu ingemaliza fedha ya kuhudumia wateja wengine. Nimejaribu kuomba malipo ya nusu mapema, duka moja limekubali, mawili yamekataa. Nahitaji kujua ni masharti gani naweza kudai, na ni kasi gani ya kukua ambayo biashara hii inaweza kuibeba."

Hiyo sentensi ya kujaribu kuomba nusu mapema nimeibuni. Unazo wiki tatu, kaiombe kweli, kisha andika walivyokujibu. Hata wakikataa wote watano, mtu aliyejaribu anasomeka tofauti na anayelalamika.

Swali la unatarajia nini kwa mlezi litajijibu lenyewe ukishaandika hilo la juu. Kumbuka tu mlezi si mwalimu wa darasani, wala si mfanyakazi wako wa bure. Kwa kawaida utampata saa moja au mbili kila baada ya wiki kadhaa. Hatakuja kukupangia stoo. Mtake mtu aliyewahi kukaa meza moja na wanunuzi wa maduka makubwa, au aliyewahi kutoka chupa mia chache hadi maelfu na kujua ni wapi kunauma. Mtaje wa aina hiyo. "Natarajia kujifunza mengi" ni maneno ya mgeni anayeshukuru chakula kabla hajakionja.

Jamaa wa kuandika fomu, mwache. Sina ugomvi na kumpa mtu anayejua kuandika akusomee, akurekebishie tahajia, akuambie hapa sikuelewa. Mpe hata mume wako, na kama yeye hakuelewa, jopo halitaelewa. Lakini fomu ikiandikwa na mwingine, usaili utafanywa na wewe. Umeshaonja inavyokuwa swali likiuliza kitu usichokijua. Na kuongeza mauzo ni kujichongea: namba hizo ndizo watakazotumia kukuchagulia mlezi. Ukijifanya unauza 1,500 watakupa mtu wa kukuzungumzia kuajiri meneja wa mauzo, wakati wewe unataka kujua utalipaje chupa za mwezi ujao. Isitoshe, programu nyingi zinaomba taarifa ya benki au risiti. Kama miezi kadhaa ya daftari lako ni tupu, sema hivyo, na useme umeanza kuandika tarehe gani.

Hili la kuibiwa mapishi linanikera kidogo, si kwako, kwa jinsi linavyowazuia watu. Viungo vyako tayari viko kwenye lebo. Siri yako ni vipimo na jinsi unavyopika, na mlezi wa biashara hana haja ya gramu zako ili akusaidie kuhesabu siku 90. Usimpe. Uliza mapema kama kuna makubaliano ya kutunza siri, na kama mlezi ana biashara inayoshindana na yako, una haki ya kuomba mwingine. Jina na nembo ndivyo vya kukimbilia kusajili kama alama ya biashara, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoibwa mchana kweupe.

Rafiki yako angekuuliza swali lingine angekusaidia zaidi: hawa wanaoendesha programu wanapata nini? Nyingine zinalipiwa na wafadhili, huchangii kitu. Nyingine ni za kampuni kubwa zinazotafuta wauzaji wa kuwaletea bidhaa, na hilo si baya, mradi ujue. Nyingine zinataka sehemu ya hisa za biashara yako, hapo usisaini kitu mpaka mwanasheria akisome, hata kama tarehe inakubana. Na ukiona unaambiwa utume ada ya "kushughulikia maombi" kwa namba ya mtu binafsi kabla hata hujachaguliwa, hiyo si programu.

Video: simama kwenye chumba chako cha kazi, kofia ya nywele kichwani, simu imelazwa kwa upana na kuegemezwa mahali isitikisike. Zima mashine. Usiweke muziki. Sekunde za mwanzo onyesha chupa nyekundu na useme unauza ngapi na wapi. Yule mtoto aliyekuwa anakohoa chumba cha pili unaweza kumtaja, nilimpenda, lakini apewe sentensi moja.

Kwenye usalama wa chakula utakutana na neno HACCP, yaani mfumo wa kutambua hatari za chakula na kuzidhibiti kwenye hatua muhimu. Lilianzia miaka ya 1960 kwenye maandalizi ya chakula cha wanaanga wa Marekani, na leo ndilo msingi wa kanuni za chakula karibu kila mahali. Usiandike unao mfumo huo kama huna. Kiini chake hakitishi: tafuta hatua ambayo ukikosea hakuna ya mbele itakayokuokoa, weka kipimo chake, pima, andika, na uamue mapema utafanya nini kipimo kikikataa. Kwa sosi yako hatua mojawapo ni ile pH, nyingine ni joto unalojazia chupa. Ukianza kesho, siku fomu inafungwa utakuwa na kurasa kadhaa za vipimo. Piga picha ukurasa mmoja, wenye doa la pilipili na yote, kama wanaruhusu kuambatisha.

Kosa ulilofanya na ulivyolirekebisha, najua mara zilizopita uliandika kwamba ulimwamini mtu akakudhulumu, au kitu cha namna hiyo. Safari hii unalo la kweli. Andika umetoa sosi ya saumu chupa ngapi, kutoka maduka mangapi, siku gani, kwa nini, na imekugharimu kiasi gani. Piga simu madukani asubuhi kabla mdogo wako hajatoka, na waliokwisha kununua unaowajua, wapigie pia.